Jino wanataka laki tano na nusu, tung'oe tu au kuna sehemu nafuu?

Saidia Fundi Mbagala

Habari zenu wakuu, naomba msaada wa mawazo maana nimekwama. Mke wangu ana gego la chini kulia limetoboka muda mrefu, lilianza kama kijishimo tukachukulia poa, akinywa kitu cha baridi linashtuka basi anahamishia upande wa pili maisha yanaendelea. Sasa huu mwezi wa pili limebadilika kabisa, usiku halali, anakaa kitandani kashika shavu anasema linapiga kama moyo. Yeye ni mama ntilie, saa kumi alfajiri yupo jikoni, na siku hizi hata chumvi ya maharage anaonja kwa ncha ya ulimi halafu anafumba macho anasubiri aone kama litamshtua.

Dawa tumemeza mpaka basi. Duka la dawa wametupa amoksilini, flajili na diklofenaki, hii ni mara ya tatu, tukimaliza dozi linatulia wiki moja au mbili linarudi palepale. Nimejumlisha naona dawa peke yake zimekula kama elfu 38. Juzi nikajikaza nikampeleka kliniki moja ya binafsi, kumwona daktari elfu 15, picha elfu 20, wakasema jino bado linaokolewa, kusafisha mzizi laki mbili na nusu halafu kulivalisha kofia laki tatu. Mi nabeba zege wakuu, siku nikipata kazi ni elfu 15 na siyo kila siku napata, kodi ya chumba elfu 60. Nikamuuliza dada wa mapokezi kama naweza lipa kidogo kidogo akasema hapa tunalipa kwanza. Tukaondoka, mke wangu hakuongea neno mpaka tunashuka kwenye daladala.

Bima hatuna. Ana miaka 31 na juu alishang'oa mawili, kila akiumwa anang'olewa, sasa anasema na hili likitoka ataanza kutafuna kama bibi. Kuna sehemu yoyote Dar wanatibu jino kwa bei ambayo mtu kama mimi anaweza? Au ndo tung'oe yaishe?

Halafu kingine, mtoto wetu ana miaka 7, jino la nyuma kabisa chini lina doa jeusi katikati na chakula kinanasa. Jirani anasema hayo ni ya utoto yatatoka yenyewe. Ni kweli?

---

Mkazi wa Tandika

Ng'oa kaka. Mi mwaka jana niling'oa hospitali ya serikali, kadi elfu 5 na kung'oa elfu 15, ganzi moja, nusu saa niko nje. Meno yapo 32, moja halikuui njaa. Hiyo laki tano lipa kodi ya miezi.

---

Mama Wawili

Mkazi wa Tandika unasema meno yapo 32 lakini huyu dada keshapoteza mawili, na wengi wetu tumeanza hivyohivyo kwa moja.

Kaka Saidia Fundi, pole sana, mpe pole na mwenzio. Nakuandikia kwa sababu ya hizo dawa za dukani. Mdogo wangu wa kiume alikaa na gego bovu miezi kama mitano, anachanga hela ya kutibiwa, anameza amoksilini kila likimuuma. Siku moja akaamka shingo imevimba chini ya kidevu, ngumu, ukiigusa kama ubao. Tukaenda zahanati ya karibu wakampa sindano ya maumivu wakamwambia arudi kesho. Usiku ule akawa hawezi kumeza hata mate, anayatemea kwenye kopo la Blue Band, na sauti imebadilika kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Tulikodi bajaji saa nane usiku. Hospitali kubwa walipomuona tu hawakutuuliza kadi, wakamkimbiza ndani, wakamchana chini ya kidevu kutoa usaha, akalala siku tisa. Daktari alituambia tungesubiri asubuhi njia ya hewa ingeziba.

Kwa hiyo mkiona uvimbe umeshuka chini ya taya au shingoni, au hawezi kufungua mdomo, au kumeza kwa shida, au ana homa kali, usiulize mtu mtandaoni, usihesabu hela, nenda hospitali saa hiyohiyo. Bili ya mdogo wangu tulikuja kuilipa kwa kuuza kiwanja, na jino lenyewe walikuja kuling'oa tu mwishoni.

---

Tabibu wa Meno Moro

Mimi ni tabibu wa kinywa na meno, niko kituo cha afya cha serikali mkoa wa Morogoro, mwaka wa 11 huu. Nitaandika kirefu kidogo mnisamehe, hii mada naishi nayo kila siku.

Kwanza ndugu, alichosema Mama Wawili kishike. Dawa za kuua bakteria haziponyi jino lililooza. Ndani ya jino kuna mshipa na damu, shimo likifika pale mshipa unavimba ndani ya ukuta mgumu wa jino usiotanuka, ndo maana linapiga kama moyo na usiku ukilala linazidi. Baadaye mshipa unakufa, maumivu yanapoa, mtu anashukuru Mungu anasema limepona, kumbe uozo unashuka kwenye mzizi unatengeneza usaha. Amoksilini inatuliza usaha kwa muda lakini mlango bado uko wazi, chakula na wadudu wanaingia kila siku. Utanunua dozi kumi na jino litakuwa palepale.

Pili, kwa maelezo yako jino la mkeo limeshapita hatua ya kuziba kawaida. Linaloshtuka na baridi au sukari kisha linaacha haraka, hilo mara nyingi linazibika, na kuziba ni bei ndogo. Linalouma lenyewe bila kuguswa na kumwamsha mtu usiku, hapo njia ni mbili tu, kusafisha mzizi au kung'oa. Hapa ndo pananiuma mimi kama mtumishi. Mgonjwa anafika kwangu mara ya kwanza akiwa amechelewa, siyo kwa uzembe, alikuwa anasubiri hela, na alipopata hela jino likawa limeshakuwa la gharama. Shimo la mwaka jana lingezibwa kwa bei ya kilo chache za mchele. Leo ni laki tano, mtu hana, nang'oa. Nikiandika kwenye rejista "ung'oaji" inaonekana kama mgonjwa kachagua, wakati kilichochagua ni mfuko wake. Mengi ya meno niliyong'oa miaka hii 11 yalikuwa ya watu ambao wangekuja mapema tungeyaokoa, na wengine walikuja mapema ila siku hiyo sikuwa na dawa ya kuzibia.

Na mnajua kinachoniumiza zaidi? Kuna njia ya kuziba jino bila umeme, bila mashine ya kuchonga, mara nyingi hata bila ganzi. Unakwangua sehemu iliyooza kwa vijiko vidogo vya mkono, unasafisha, unajaza saruji ya meno inaitwa glasi ionoma, unaibonyeza kwa kidole inaganda, na inatoa floraidi kidogo kidogo kulinda jino. Kwa kifupi inaitwa ART. Njia hii imeanzia hapahapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwenye mpango wa afya ya meno kwa jamii, mtu anayetajwa sana ni daktari Mholanzi Jo Frencken aliyekuwa akifanya kazi hapa nchini. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani iliyokuwa inahusu kinywa, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia nzima. Na mwaka 2021 shirika hilohilo likaweka glasi ionoma na dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Yaani kitu kilichozaliwa kwetu kwa ajili ya mtu wa kijijini asiye na umeme, leo mtu wa Mbagala hajawahi kukisikia. Kwa hiyo ukifika kituo chochote cha serikali usiulize tu "mnang'oa shilingi ngapi", uliza "mnaziba? dawa ya kuzibia ipo?", na kama haipo uliza itakuja lini au waandike rufaa.

Sasa la mtoto, na hapa naomba wazazi wote mnisome. Jirani yako amekosea, simlaumu, karibu kila mzazi anakosea hapo. Mtoto akifika kama miaka 6 anaota gego la kudumu nyuma kabisa ya magego ya utoto, halisubiri jino ling'oke ili liote, linaota kimyakimya kwenye nafasi iliyo wazi. Mzazi akiona linaoza anasema ni la utoto. Hilo ni jino atakalotafunia mpaka uzee. Mpeleke wiki hii, miaka 7 na doa jeusi hilo nina imani kubwa linazibika kwa hiyohiyo njia ya mkono.

---

Dada wa Upanga

Naongezea kwa upande wa Dar. Jaribu kliniki ya meno ya MUHAS, chuo kikuu cha afya pale Upanga, ndani ya eneo la Muhimbili. Udaktari wa meno wanasoma miaka 5 na wale wa miaka ya mwisho wanatibu wagonjwa huku walimu wao wanawasimamia. Mimi nilisafishwa mzizi pale kwa mwanafunzi, kwa hesabu yangu nililipa chini ya nusu ya nilichoambiwa kliniki ya mtaani kwetu. Ila nikwambie ukweli, muda unatumika. Kila hatua mwanafunzi anasimama anamwita mwalimu, mwalimu anaangalia, anamwambia rudia hapa, ndo wanaendelea. Nilienda mara nne, kila nikienda nakaa saa mbili mdomo wazi mpaka taya inauma. Sikuwahi kutibiwa kwa umakini ule maishani mwangu, yule kijana mikono ilikuwa inatetemeka siku ya kwanza lakini hakuniachia mpaka mwalimu ameridhika.

Kwa mama ntilie hizo siku nne ni siku nne za biashara, hilo mlipange kabisa. Na uliza kwanza kama chuo kimefungua maana wakati wa likizo wanafunzi wanakuwa wachache. Fika mapema, saa moja uwe getini.

---

Mgogo Halisi

Kuhusu bima. Sisi huku Dodoma tulijiunga CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, kaya ya watu 6 tulilipa elfu 30 kwa mwaka, na mimi nilizibiwa meno mawili hospitali ya wilaya bila kutoa hela nyingine. Dar ilikuwa juu, laki na nusu kwa kaya ya watu 6. Sasa hivi kuna hii Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ambayo Bunge lilipitisha Novemba 2023, kwa hiyo nenda ofisi ya kata au dirisha la bima hospitali wakwambie utaratibu wa sasa na viwango vyake. Kabla hujatoa hela waulize mbele ya macho yako, kung'oa ipo? kuziba ipo? kusafisha mzizi ipo? maana meno ya bandia na kofia usitegemee. Na anzia ngazi ya chini, ukiruka zahanati au kituo ukaenda moja kwa moja hospitali kubwa bila karatasi ya rufaa watakurudisha.

---

Mkazi wa Tandika

Nimesoma ya Tabibu hapo juu, kusema kweli la mtoto sikujua, na mi wangu ana miaka 8, nimetoka kumulika na tochi ya simu sasa hivi. Narudi nyuma kwenye lile nililosema la ng'oa yaishe.

Ila kuhusu wasio na hela kabisa mbona hamjataja ustawi wa jamii? Au ile haifanyi kazi?

---

Mama Wawili

Inafanya kazi ila inataka moyo. Hospitali za serikali zina afisa ustawi wa jamii, kazi yake mojawapo ni kuangalia mgonjwa asiye na uwezo apewe msamaha wa gharama, wote au sehemu. Watoto chini ya miaka 5 wanatakiwa kutibiwa bure, wajawazito bure, na wazee wa miaka 60 kwenda juu wasio na uwezo nao bure. Kwa mtu mzima kama wewe kaka, anza serikali ya mtaa, mjumbe na mwenyekiti wanakufahamu, waandike barua kwamba hali ni hii, ndo uende nayo kwa ustawi.

Sisi kwa mdogo wangu tulikuja kuambiwa habari ya ustawi siku ya kutoka, kiwanja kimeshauzwa. Hakuna aliyetuonyesha ule mlango na ulikuwa hatua ishirini tu kutoka wodini. Ndo maana kila mgonjwa nikimuona namwambia uliza mlango wa ustawi siku ya kwanza, usione aibu.

---

Tabibu wa Meno Moro

Asante Mama Wawili, hilo nilisahau na sikutakiwa kusahau. Nyongeza, tarehe 20 Machi kila mwaka ni Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, siku za karibu na hapo mara nyingi panakuwa na kambi za kupima bure na pengine kutibu. Lakini jino la huyu dada lisisubiri kambi.

Na tafadhali wote, usipeleke mtu kwa fundi wa mtaani anayeng'oa kwa koleo, wala kichanga kwa wale wanaochokonoa fizi wakisema ni "meno ya plastiki" ndiyo yanamletea homa au kuharisha. Nawaelewa kwamba ni bei rahisi na wako karibu, zahanati yenye mtaalamu wa meno unaweza kuisafiria nusu siku. Lakini kile kinachochimbuliwa kwenye fizi ya mtoto mchanga ni kijijino chenyewe cha baadaye, na homa au kuharisha aliyonayo inabaki haijatibiwa. Nimeshampokea mmoja ana miezi minane, sitaki kuelezea.

---

Saidia Fundi Mbagala

Wakuu nimerudi na mrejesho, imepita kama wiki tatu samahani nilikuwa saiti Kibaha.

Nilienda kwa mwenyekiti wa mtaa, barua nikapata siku hiyohiyo, akanigongea muhuri. Tukaenda Upanga Jumatatu, saa moja kasoro tupo getini, mke wangu alipika usiku akamwachia dada yake auze. Wakamkagua, wakapiga picha nyingine, mwanafunzi mmoja wa kike na mwalimu wake wakaongea sana kwa lugha ya kitaalamu, halafu mwalimu akavuta kiti akakaa usawa wetu akatuelezea kwa Kiswahili kizuri kabisa. Jino limepasuka mpaka chini ya fizi, hata tungekuwa na hiyo laki tano lisingekaa miaka. Akamwonyesha kwenye picha ule mstari. Basi wakaling'oa. Alilia kidogo, siyo kwa maumivu, ganzi ilishika vizuri, alilia kwa sababu alikuja na matumaini.

Lakini walipoangalia mengine wakakuta la jirani yake lina shimo dogo, wakaliziba palepale, na mtoto nilirudi naye Alhamisi. Tabibu ulisema kweli, lile ni la kudumu. Wamemkwangua na vile vijiko vya mkono kama ulivyosema, hakupigwa sindano, alikuwa ameshika kidole changu cha gumba muda wote, mwishoni daktari akabonyeza ile saruji kwa kidole akamwambia usile saa moja. Njia nzima kwenye daladala ananiuliza saa moja imeisha?

Kwa mtoto ustawi walinipunguzia nusu, kwa mke nililipa. Zote pamoja, meno matatu, hazikufika ile laki mbili na nusu ya mwanzo, hazikukaribia hata. Mke wangu juzi kaonja mchuzi kwa mwiko kabisa kama zamani.

Tabibu swali la mwisho, hilo pengo la chini tuliache hivyohivyo au lina madhara? Na mtoto tumfanyeje lile lisitoke?

---

Tabibu wa Meno Moro

Mungu ni mwema ndugu yangu, umenifurahisha sana, hasa kwa mtoto.

Pengo kwa sasa liache lipone miezi kama mitatu. Baadaye meno ya pembeni yanaweza kuegemea kwenye nafasi na la juu yake kushuka taratibu, kwa hiyo mkipata nafasi aulizie jino bandia la kuvua, lile la kuvaa asubuhi na kulitoa usiku, hilo ni rahisi kuliko daraja, yaani jino bandia la kudumu linaloshikizwa kwenye meno ya pembeni. Siyo la haraka, atafute akiwa na nafasi. Cha haraka ni yale yaliyobaki yaangaliwe kila mwaka hata kama hayaumi.

Mtoto apige mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala, dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya harage, wewe au mama yake mmshikie mkono kwa nyuma maana miaka 7 bado hafiki kule mwisho vizuri. Akimaliza ateme povu, asisukutue na maji mengi, aache ile floraidi ikae. Soda na pipi zisiwe za kutwa nzima, bora anywe mara moja na chakula kuliko chupa moja aibugie kuanzia mchana mpaka magharibi. Na upande wa pili wa taya kuna gego kama hilohilo, limulike leo usiku.